Mama mdogo anasubiri kofia, na namba yangu si ya kweli

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa Tanga, niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamivu katika chuo kimoja huku Marekani. Ninachosomea kinaitwa kiolesura cha ubongo na mashine. Kwa lugha nyepesi, namvalisha mtu kofia yenye elektrodi 32, yaani vidude vya kunasa umeme wa ubongo, namwambia ama awaze anakunja mkono wa kulia bila kuusogeza, ama apumzike tu. Kompyuta inasikiliza mawimbi ya ubongo na kuamua ni lipi kati ya hayo mawili. Ikiamua kwamba anawaza kukunja, mkono wa plastiki uliopo mezani unafumba.

Kazi yenyewe si ya fahari kama watu wanavyodhani. Nusu ya siku inaisha kwa kupima kichwa kwa tepu, kutoka mzizi wa pua hadi kinundu cha kisogoni, kuweka alama katikati, kujaza jeli kwa bomba la sindano tundu baada ya tundu, kisha kumwosha mtu nywele kwenye sinki la maabara. Mimi mwenyewe, ili nijipime, ilibidi nifumue twende kilioni niliyosukwa siku tatu kabla, maana elektrodi zilikaa juu ya msuko na hazikugusa ngozi. Tangazo letu la kutafuta washiriki linasema waziwazi kwamba wenye nywele za kusuka wasije. Hilo nalo linaniuma, ila silo lililonifanya nikuandikie.

Juni mwaka jana tulituma muhtasari wa utafiti: washiriki 12, kila mmoja majaribio 80, usahihi wa wastani asilimia 91. Oktoba nikaenda Chicago kwenye mkutano wa mwaka wa Society for Neuroscience, chama cha wanasayansi wa ubongo. Shangazi, watu zaidi ya elfu ishirini wote wanaongelea ubongo, kwenye kumbi zilizo kando ya ziwa, mabango yamepangwa safu kwa safu kama vibanda vya Sabasaba. Bango langu nililichapisha kwenye kitambaa, nikalikunja begini pamoja na kanga zangu. Saa yangu ya kusimama kando yake ilianza vizuri. Wanafunzi wakapita, mtu wa kampuni akaniachia kadi, mwenzangu mmoja akanipiga picha nikiwa nimenyoosha kidole kwenye ile 91.

Ndipo akaja mama mmoja mtu mzima, mvi tupu, kavaa raba. Alisoma bango lote kimya, hata kile kimchoro cha chini pembeni ambacho nilidhani hakuna atakayekitazama. Akaweka kidole kwenye ramani ya kichwa, juu kidogo ya sikio. "Mbona rangi nyekundu iko hapa," akasogeza kidole kuelekea utosini, "na haiko hapa?" Nikababaika. Akaniuliza kwa upole kama washiriki wangu hukaza meno wanapojitahidi kuwaza. Nikasema tuliwaambia watulie. "Kuwaambia mliwaambia," akajibu, akaandika barua pepe yake nyuma ya karatasi yangu, akaenda zake.

Usiku ule, kwa kuwa tulilala wanne chumba kimoja, nilijifungia bafuni na laptopu. Nikaziondoa elektrodi za pembeni, nikabakiza mawimbi ya mizunguko 8 hadi 12 kwa sekunde, nikarudia hesabu. Asilimia 91 ikawa 63. Nikarudia mara ya tatu, 63 ileile.

Asubuhi nikamweleza msimamizi wangu wakati wa kahawa. Akaniambia nisiwe na papara, makala ya jarida inaondoka karibuni, tuipeleke ilivyo, wapitiaji wakiuliza tutawajibu. Shangazi, posho yangu inatoka kwenye mradi wake, na nikiondolewa kwenye mradi sijui viza yangu itasimama wapi.

Sasa ongeza ya nyumbani. Mama mdogo wangu alipata kiharusi miaka miwili iliyopita. Upande wa kulia umekuwa mzito, na maneno hayaji. Akitaka maji anasema "Jumatano", kisha anajisikia mwenyewe na kukasirika. Cha ajabu, kasida anaziimba mpaka mwisho. Mjomba aliona video kutoka Marekani ya mwanamke aliyepoteza sauti akiongea kupitia kompyuta, kisha akaona ile picha yangu na bango ambayo niliituma mwenyewe kwenye grupu la ukoo. Wameanza kuchanga ili nije na "hiyo kofia". Jana mchango ulikuwa umefika shilingi 2,700,000. Mimi nimeweka alama ya dole gumba tu, sijaandika neno.

Nifanyeje?

Mwenye Kofia, mbali na Tanga

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako imenirudisha kazini. Wengi wenu hamjui kwamba kabla ya kukaa kwenye kiti hiki, nilifanya kazi miaka kumi na minane hospitalini nikipima mawimbi ya ubongo, enzi za kalamu za wino na karatasi inayojikunja hadi sakafuni. Wagonjwa wangu wengi walikuwa watoto wenye kifafa. Mama anamtuliza mwanawe kwa peremende, mtoto anaanza kutafuna, na kalamu za pembeni zinachachamaa mpaka karatasi inakuwa nyeusi. Daktari mgeni akiiona anashtuka na kudhani mtoto amepatwa na degedege. Kumbe ni peremende ya nanasi.

Kwa hiyo yule mama wa raba simjui, lakini swali lake nalijua. Msuli wa kutafunia umelala hapohapo panjani, chini ya elektrodi zako za pembeni. Umeme wa ubongo ukishapenya fuvu na ngozi unabaki mikrovolti makumi machache, yaani sehemu za milioni za volti moja. Msuli uko karibu na unapiga kelele kuliko ubongo. Mtu akiambiwa "waza kwa nguvu", anakaza meno bila kujijua, jaribu mwenyewe uone. Akiambiwa pumzika, taya linalegea. Kompyuta yako haikukudanganya. Ulitaka itofautishe hali mbili, ikatumia njia rahisi iliyoiona. Mkono wako wa plastiki ulikuwa unafumbwa na taya.

Na dalili ulikuwa nazo. Mtu akiwaza kusogeza mkono, lile wimbi la mizunguko 8 hadi 12 hupungua juu ya eneo la mwendo, upande wa kushoto wa kichwa kama mkono ni wa kulia. Linapungua, haliongezeki. Msuli hufanya kinyume: nguvu inapanda, nayo inatapakaa kuanzia mizunguko 20 hivi kwenda juu kabisa. Nyekundu juu ya sikio ilikuwa imeshasema kila kitu, na ninyi wenyewe mliichapisha kwenye kitambaa.

Juni hukusema uongo, ulikosea. Makosa ya namna hii yamewapata watu wenye mvi kuliko mimi. Ila tangu usiku wa bafuni unajua, na kila anayeisoma 91 sasa anaisoma kwa idhini yako. Ndiyo maana dole gumba lile kwenye grupu linakuwasha. Hilo tutalifikia.

Kwanza hiyo 63 usiitupe jalalani. Shilingi ukiirusha mara 80 haikupi nusu kwa nusu kila siku, kwa bahati tupu inaweza kukaribia asilimia 60. Basi usinitajie wastani, niambie mtu mmoja mmoja. Huenda saba kati ya kumi na wawili wako kwenye 55, ambayo ni bahati, na watano wako kwenye 74, ambayo si bahati. Wanaofanya kazi hii wanakadiria kwamba kati ya asilimia 15 na 30 ya watu hawawezi kuziendesha vizuri mashine hizi, wala si kosa lao. Kama una watano wa kweli, unao utafiti. Mdogo, lakini unao.

Sasa msimamizi wako. Mazungumzo ya kahawa yanapotea hewani, mwandikie. Barua pepe fupi, ramani mbili za kichwa zikae sambamba, kabla na baada ya kuondoa pembeni, na namba za kila mshiriki. Usimwandikie neno "udanganyifu", maana ukishaliandika atajitetea badala ya kutazama michoro. Mwandikie hivi: nimerudia uchambuzi, matokeo yamebadilika, naomba tukubaliane namba ipi iingie kwenye makala. Halafu mpe mlango wa kutokea: unaomba wiki kadhaa urudie vipimo kwa watu wachache, safari hii ukiwa umebandika elektrodi mbili kwenye taya na mbili kando ya macho, ili msuli uonekane kama msuli. Mtu mkubwa akipewa njia ya kurudi nyuma bila kuaibika, mara nyingi huifuata. Naye anaogopa mtu, yupo mfadhili juu yake.

Asipojibu, au akijibu kwamba mpeleke ilivyo, nenda kwa mjumbe mmoja wa kamati yako unayemwamini, ukiwa na ileile barua na michoro ileile. Hapo bado ni suala la sayansi. Ofisi ya wanafunzi wa uzamivu na ile ya malalamiko ni hatua ya baada ya hapo, na kabla ya kuigusa kaulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni sheria ya viza inasemaje mtu akibadilisha msimamizi. Kuuliza tu hakumshtaki mtu. Sitakudanganya kwamba haina gharama. Nimekaa hospitalini, najua aliyeshika posho ameshika nini.

Ila nikupe kisa kimoja. Mwaka 2017 jarida moja lilichapisha makala kutoka chuo kimoja cha Ujerumani kuhusu wagonjwa wanne ambao mwili wote ulikuwa umepooza, hata jicho halisogei. Watafiti walisema wamewapimia damu ya ubongo kwa mwanga unaopenya ngozi ya kichwa, na wagonjwa wakajibu "ndiyo" na "hapana". Hebu fikiria familia zile. Kijana wa kompyuta wa chuo hichohicho alipopiga hesabu upya kwa data zilezile hakuiona hiyo ndiyo wala hiyo hapana. Alisema, na mwanzoni hakupokelewa vizuri. Mwaka 2019 jarida likaiondoa ile makala. Wewe umejipigia hesabu mwenyewe, bafuni, kabla ya jarida. Uko mahali pazuri kuliko unavyojiona.

Yule mama mwandikie wiki hii. Usimlalamikie msimamizi wako kwake, hamjuani. Mwambie tu: ulikuwa sahihi, hizi hapa ramani, unadhani nirudie vipi? Mtu aliyesoma kimchoro cha chini pembeni atasoma na barua. Mikutano mikubwa watu hurudi na mifuko ya kalamu na vikombe vya bure, wewe umerudi na mtu wa kukusomea.

Na utakaporudia vipimo, lile tangazo la "wasiosuka tu" lifute. Mwaka 2020 kundi la Carnegie Mellon, pale Pittsburgh, lilitoa elektrodi zinazoshikizwa kama vibanio katikati ya mistari ya msuko: mtu anasukwa kwa kufuata alama za kipimo, kisha kibanio kinajibana chini ya mashada na kugusa ngozi. Binti mwanafunzi ndiye aliyekuwa mbele kwenye wazo hilo. Twende kilioni yako ilikuwa kifaa cha maabara, wewe ukaifumua. (Hata sisi tulikuwa tunawatuma kina mama wakafumue kwanza. Nikikumbuka nauli waliyopoteza naona haya.)

Haya, Tanga.

Mimi si daktari, na mama mdogo sijamwona. Lakini umeniandikia upande wa kulia, maneno kupotea, "Jumatano" badala ya maji. Hiyo ni picha ya kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko lugha inakopikwa. Yule wa kwenye video ya mjomba nadhani ni mwanamke wa Canada aliyeshiriki utafiti huko California, ambaye habari zake zilitoka mwaka 2023. Kiharusi chake kilikuwa kwenye shina la ubongo. Lugha yake ilibaki nzima, aliyajua maneno yote, ila njia ya kwenda mdomoni ilikatika. Walimpasua fuvu, wakamlaza bamba la elektrodi 253 juu ya ubongo, kompyuta ikasikiliza amri zinazotumwa kwa midomo na ulimi, akafika maneno 78 kwa dakika. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha California, Davis, kilitoa habari za mwanamume mwenye ugonjwa wa kufa kwa neva za misuli aliyepandikizwa elektrodi 256, mashine ikapata maneno yake kwa usahihi wa asilimia 97. Naye vilevile, maneno yalikuwepo, misuli ndiyo iliyogoma.

Mama mdogo, kwa ulivyonieleza, neno lenyewe linapotea kabla amri haijatumwa. Mashine inayosikiliza mlangoni haitasikia kitu ambacho hakijafika mlangoni. Na hata hizo zilizofaulu si kofia, ni upasuaji wa majaribio. Kofia yako inajua mambo mawili, kukunja na kupumzika, na moja kati ya hayo bado tunagombana nalo.

Hivyo ndivyo umweleze mjomba, kwa maneno yako. Usiandike kwenye grupu. Ukiandika kule, mzee aliyechangisha watu milioni mbili na laki saba anaumbuka mbele ya ukoo, na hata ukweli wako utaonekana kiburi cha msomi. Mpigie simu, yeye peke yake, baada ya isha, akiwa ameshakula. Anza na kosa lako: "Mjomba, nilituma picha nikanyamaza." Mwambie 91 imekuwa 63, na kwamba 63 yenyewe ni ya kufumba mkono wa plastiki. Video usimkejeli, ni ya kweli. Tatizo la video ni kile kisichoonekana. Mwaka 2014 dunia iliahidiwa kwamba mtu aliyepooza angefungua Kombe la Dunia kule São Paulo kwa kupiga mpira akiwa ndani ya vazi la mashine linaloendeshwa na ubongo. Aliupiga kweli, pembeni ya uwanja, na televisheni ikamwonyesha sekunde chache ikageukia mambo mengine. Mjomba ni mtu wa mpira, atakuelewa.

Kisha muachie yeye atangaze. Na asitangaze kurudisha hela kabla hamjazungumza, maana hela hiyo ina kazi. Ile kasida ndiyo habari kubwa ya barua yako, mwanangu, na umeipitia kama jambo la kushangaza tu. Wagonjwa wengi waliopoteza maneno hubaki na wimbo, kwa sababu uimbaji haupiti njia ileile yote ya maongezi. Wataalamu wa tiba ya usemi hutumia hapo kama ngazi: sentensi fupi ya kila siku inatiwa katika mahadhi, mgonjwa anaiimba huku akigongagonga kidogo kwa mkono wa kushoto, na polepole mahadhi yanapunguzwa. "Naomba maji" inaanza kama wimbo. Wataalamu hawa ni wachache kwetu, kwa hiyo muanzie hospitali ya Bombo hapo Tanga, muulize kuhusu rufaa, na mchango uwe nauli na malazi ya mama mdogo na mtu wa kumsindikiza. Miaka miwili si kuchelewa mno, hatua zinakuwa ndogo tu kuliko za miezi ya mwanzo.

Wakati rufaa inasubiriwa, chapisha kadi za picha, kubwa kama kiganja: maji, chai, choo, panauma, nimechoka, zima hiyo redio. Hiyo ya redio usiisahau, wagonjwa wanateseka na redio za watu. Azishike kwa mkono wa kushoto. Na waambie wa nyumbani akisema "Jumatano" wasicheke wala wasimsahihishe kama mtoto wa chekechea, wamwonyeshe kadi mbili achague.

Ukimaliza na mjomba, mwombe ampelekee mama mdogo simu. Usimuulize swali la kujibu. Anzisha kasida anayoijua, mstari wa kwanza uimbe wewe, wa pili mwachie.